Kitanda Kimoja, Mtu Mmoja

Mimi nilimjua Tusajigwe kwa nyayo kuliko nilivyomjua kwa uso, na hadi leo ukinifumba macho ukanipangia miguu ya wanawake wote wa dunia hii, wa kwake nitaukamata kwa pua tu. Usicheke. Ukilala na mtu mzungu wa nne, kichwa chako miguuni kwake na miguu yako kichwani kwake, kwenye kitanda cha chuma kilichotengenezewa mtu mwembamba asiyeota ndoto, utazijua siri za kisigino chake ambazo hata mama yake mzazi hazijui. Chini ya kisigino chake cha kushoto palikuwa na kovu la mfuniko wa kopo, limejipinda kidogo upande mmoja. Mwenyewe hakuwahi kuliona. Nani anayeinua mguu ajikague chini ya kisigino? Kwa hiyo kovu lile lilikuwa langu kuliko lilivyokuwa lake, na nililitazama kila nilipokosa usingizi, yaani karibu siku zote.

Wanasema sipo. Sawa, nimesikia, mara moja inatosha. Ila nina swali, na kwa swali hili nimezeeka nikiwa bado mwaka wa kwanza: kama sikuwapo, ni nani aliyekuwa akilitazama kovu lile? Maana lilitazamwa. Wasomi wa kozi yetu watakuambia mtu yupo kwa sababu anafikiri. Hao wana vyumba. Mtu asiye na pa kulala hana anasa hiyo. Yeye yupo kwa sababu kuna mtu mwingine amekunja magoti ili ampishe. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sijapata jibu jingine. Kama unalo, niletee, nipo hapa dirishani.

Chuo chenyewe hakina jina. Kilikuwa nalo, refu, la heshima, limeandikwa getini kwa herufi kubwa. Umoja wa wanafunzi wa enzi fulani ukadai lifupishwe kwa sababu halienei kwenye fulana, na Utawala ukakubali. Hilo ndilo jambo la kwanza mgeni anatakiwa alijue: Utawala wetu haukatai. Haujawahi kukataa. Vyuo vingine, nasikia, wanafunzi hugoma, hufunga barabara, hupigwa mabomu ya machozi, ndipo wapate. Kwetu unapanda ngazi, unafika kwenye dirisha la kioo cha ukungu lenye kitundu chini, unasema shida yako, na sauti ya mama, sauti laini ya mtu aliyetoka kunyonyesha sasa hivi, inakujibu, "Ndiyo, wanangu." Basi, umepewa. Kazi yako ni kuteremka ngazi ukaone ulichopewa.

Zamani, kwa mfano, chuoni kulikuwa na usiku. Njia ya kutoka maktaba ilikuwa na giza, wasichana wakikabwa, umoja ukadai mwanga. Ndiyo, wanangu. Hakuna taa hata moja iliyowekwa. Usiku wenyewe uliondolewa. Tangu hapo ni mchana tu, mchana mweupe ule wa baada ya chakula, na mtu hulala anapochoka, kajitupia kanga machoni. Wakadai foleni ya bwalo ipungue. Bwalo likafungwa, foleni ikaisha siku hiyohiyo. Wakadai mhadhiri asikike mpaka viti vya nyuma. Viti vya nyuma vikang'olewa. Na kila mara, hapa nisikilize vizuri, kila mara waliopewa walisahau kwamba kabla yake kulikuwa na kitu kingine. Muulize mwanafunzi wa kwetu habari za usiku, atakutazama kwa huruma. "Usiku ndiyo nini, dada?" Mimi nilikumbuka kwa sababu sikuwa na chumba, na wasio na chumba hawamo katika hesabu ya Utawala. Usiku wetu ulichukuliwa pamoja na wa wenzetu. Kusahau, ambako ndiko kutamu, sisi hatukugawiwa.

Sasa, mwanafunzi aliyekosa chumba kwetu hubebwa. Ndivyo tunavyosema: fulani anambeba fulani. Hambebi mgongoni. Anampa nusu ya kitanda chake, kwa siri, kinyume cha sheria za bweni, na hakuna anayemlazimisha. Foleni ya vyumba ilinifikia mimi ikafa. "Vimekwisha, mwanangu, ndiyo," ilisema sauti ya dirishani, na hata katika hilo haikukataa. Nikasogea pembeni na ndoo yangu na mfuko wangu wa nguo, nikautazama ukuta. Tusajigwe alitoka anazungusha ufunguo kidoleni, akanipita, akarudi kinyumenyume.

"We dada, unalia au una mafua?"

"Mafua."

"Haya. Wenye mafua kwangu wanalala miguuni. Beba ndoo yako twende, kabla sijabadili mawazo."

Hakubadili. Alikuwa mrefu, ana sauti kubwa na miguu isiyojua mpaka, na alitoka milimani kwenye baridi, ambako, alisema, watoto hulala wamepangwa kama kuni na hakuna anayeona kuwa ni shida. Aliniuliza jina. Nikamwambia Sikudhani. "Hukudhani nini?" akasema, akacheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo nikawa Dhani, naye akawa Saji.

Kubebwa kuna adabu zake. Jina la mbebwaji halitajwi kwa sauti. Mbebwaji haitikii hodi. Mlezi wa bweni akipita, mbebwaji anageuka mzigo: anajikunja, anafunikwa blanketi, anakuwa nguo chafu. Atakayesikia kandambili za mlezi kwanza anambana mwenzake kidole gumba cha mguu, na mwenzake anakikunja kuonyesha amejua. Mlezi wetu tulimwita Mama Mlezi, mtu mpana mwenye pumzi fupi, na akiingia chumbani kwetu lazima akae. Anakaa juu yangu. Anamsimulia Saji habari za wajukuu wake na meno yao, mimi nimo chini nakata roho. Siku moja alipoinuka alilipapasa blanketi akasema, "Nguo zako zina joto, Tusajigwe. Uziambie zile chakula, zimekonda." Akaacha ndizi mezani akaenda zake. Nililia mle ndani ya blanketi, nisikufiche.

Tulilala hivyo muda gani, sijui. Mahali pasipo na usiku, muda haujui pa kukatikia. Ninachojua ni kwamba tulianza kuchanganyikana. Nikaota ndoto za milimani kwao, siku moja hata mfuniko wa kopo alioukanyaga akaogopa kumwambia mama yake, nikaamka natetemeka kwa baridi. Yeye akaamka anatamani ugali wa muhogo ambao hajawahi kuuonja. Mhadhiri akaita "Tusajigwe" nikaitika mimi, na jibu nililolitoa lilikuwa sahihi, ingawa somo lenyewe silisomi. Kuna siku tuliamka hatujui nani kalala upande gani, kila mmoja akabaki anangoja mwenzake aanze kuwa mtu fulani ili yeye ajue amebaki kuwa nani.

"Dhani, huu mguu wa nani?"

"Ufinye."

Akaufinya. "Uwi!" tukasema wote.

Akikosa usingizi aliniomba habari za usiku. "Nisimulie tena ule uongo wako," anasema, na kanga imeshamkaa machoni. Nami namsimulia: kwamba zamani mwanga ulikuwa ukiondoka wenyewe bila kufukuzwa, kwamba mbingu ilikuwa nyeusi ina vitobo, kwamba watu walilala wote pamoja, mji mzima, hata mwizi alijua zamu yake. Hapo kwenye mwizi ndipo alipokuwa akicheka, kila mara, hata akiwa ameshaanza kusinzia. Kisha sauti yake inazama, na magoti yake yanajikunja taratibu, kama mlango wa uani unaorudishwa na upepo, ili kichwa changu kipate nafasi. Tangu aliponichukua hakuwahi kulala amenyooka. Aliyafanya hayo amelala, bila kuombwa, na mimi nikiwa macho nayaona.

Ila usingizini mguu ni mguu. Siku moja aliota anakimbizwa, akanipiga teke la mdomo.

"Mungu wangu, Dhani! Nimekuua!"

"Hujaniua. Umenipasua."

Alishuka sakafuni akanikandamiza mdomo kwa pindo la kanga, na analia yeye kuliko mimi. Mdomo ulikuwa umevimba, siwezi hata kumcheka. "Binadamu halali hivi," alisema. "Wewe si viatu, Dhani. Wewe si viatu ukae miguuni kwa mtu. Nitalimaliza jambo hili." Wakati huo alikuwa ameshachaguliwa kuwa Waziri wa Malazi katika serikali ya wanafunzi, na kikao cha vipaumbele kilikuwa kinakaribia, kile ambacho kila wizara husimama ikasema ni jambo gani moja litakaloyafanya maisha ya chuo yawe maisha. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilimjua vizuri: akisema atalimaliza jambo, linaisha.

Alirudi siku nyingine uso unamng'aa. "Kitanda kimoja, mtu mmoja," akasema, kasimama mlangoni kama anahutubia. "Sikiliza ilivyo nzuri! Hata mtoto ataishika."

"Waambie wajenge bweni," nikamwambia.

"Si ndiyo hiyohiyo? Vitanda havitoshi. Wakikubali kitanda kimoja mtu mmoja, watafanyaje wasijenge?"

"Watapunguza watu."

"Acha mikosi yako, bwana."

"Saji, hawa walipoombwa mwanga..."

"Usinianzie habari za usiku wako sasa hivi! Mimi nazungumza mambo ya watu, wewe unaniletea hadithi za kulalia."

Akakasirika, nami nikakasirika. Nikamwambia yote. Kwamba hawa watu ukiwaomba kitu wanakupa kwa njia iliyo fupi kuliko zote. Kwamba njia fupi ya kufika kitanda kimoja mtu mmoja ni mimi kutoka. Kwamba kutoka nitatoka, nitalala hata koridoni, nimezoea kutazama kuta. Lakini likishakuwa hutanikumbuka, Saji, hutajua hata kama nilikuwapo, na mimi nitakukumbuka peke yangu mpaka nife. Aliuvuta mguu wangu mapajani mwake akaanza kuukanda, kama alivyozoea tukigombana.

"Nikusahau wewe? Miguu yako imekaa puani mwangu muda wote huu, nitakusahau vipi, mjinga wewe? Harufu peke yake inatosha."

Tukacheka. Nikaacha kubisha. Mtu akikukanda mguu huku anakutukana namna ile, unataka kuamini.

Bunge la wanafunzi hukaa kwenye bwalo lile lililofungwa. Wenyewe hawajui kama lilikuwa bwalo. Wanadhani meza zile ndefu zilichongwa kwa ajili ya kupigwa makofi. Mimi nikisimama nje dirishani, mahali petu sisi tusio na kiti, bado nasikia harufu ya maharage. Waziri wa Elimu alitaka mitihani isirundikwe pamoja, meza zikapigwa. Waziri wa Afya alitaka zahanati iache kutoa kidonge kilekile kwa malaria, kwa jino na kwa kufiwa. Meza zikapigwa zaidi. Ndipo akasimama Saji, karatasi kaiacha mezani.

"Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja. Kuna mwanafunzi katika chuo hiki analala miguuni kwa mwenzake. Akisikia hodi anageuka mzigo. Mimi naishi naye. Nimempiga teke, Mheshimiwa Spika, mimi Waziri wenu. Nimempasua mdomo mtu ninayempenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, kwa sababu kitanda hakitutoshi. Nataka alale amenyooka. Siombi zaidi ya hapo."

Mdomo wangu ulianza kuuma upya, na nilimpenda pale aliposimama mpaka nikabana uso kwenye nondo za dirisha. Mbunge mmoja akainuka: "Taarifa, Mheshimiwa Spika! Na hao wanaobebwa watapelekwa wapi?"

"Hao ndio ninaowasemea!" Saji akajibu, na meza zikapigwa mpaka vumbi la unga wa zamani likainuka.

"Taarifa!" nikapayuka dirishani. "Jamani, taarifa!"

Spika akainua kichwa. "Nani anaomba taarifa?" Akatazama kiti kwa kiti. Hakuona mtu aliyesimama, maana sisi wa dirishani tumesimama siku zote. Saji peke yake ndiye aliyegeuka. Aliniona, akatabasamu, akauchomoa mguu kwenye kiatu chini ya meza, akakunja kidole gumba. Ishara yetu ile: jifunike, nipo.

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Mkubwa anayekataa unajua mahali alipo. Unaweza kumzomea, unaweza kukaa mlangoni kwake na njaa yako mpaka aone haya; akikukatalia amekutazama angalau, amekupima, ameona kwamba upo na kwamba unamsumbua. Anayekubali kila kitu hajakutazama hata kidogo. Amelisikia neno lako tu, akaligeuza upande ulio rahisi kwake. Na wewe utalalamika wapi? Si ulipewa? Si uliomba kwa mdomo wako, ukapigiwa na meza? Nilikuwa nikidhani utawala mbaya ni ule wenye rungu. Siku hizi nikisikia sauti laini naangalia kwanza ni nani kati yetu hayupo. Mwanga. Foleni. Viti. Kitanda. Kila tulichoomba kilikuwa haki yetu, hilo ndilo linaloniua, hatukuomba kibaya hata kimoja. Labda kosa letu lilikuwa kuomba kwa ufupi. Labda ingetupasa kuomba kwa majina: mpe kitanda Dhani, aliye miguuni kwangu, mwenye mdomo uliopasuka, na asiondolewe hapa nilipo mimi. Lakini jina la mbebwaji halitajwi kwa sauti. Ndiyo adabu yetu, na tuliishika vizuri mno.

Saji alitaka niende nao kwa Utawala. "Ukaone kwa macho yako, ulale vizuri." Tukapanda ngazi, mawaziri mbele, mimi nyuma nimeshika pindo la kanga yake. Aliinama kwenye kitundu cha dirisha akasema ombi lake polepole, neno kwa neno.

"Ndiyo, wanangu."

"Asante, mama. Na ni lini?"

"Imeshakuwa, wanangu."

Vigelegele vikapigwa pale ngazini. Saji akageuka kunikumbatia, mikono ameifungua kabisa, na mimi nikaona likitokea. Furaha ilibaki usoni mwake. Ni mimi niliyetoka. Umewahi kuingia chumbani kuchukua kitu, ukasimama katikati hujui ulichokifuata? Alisimama hivyo, mikono iko wazi, kisha kwa kuwa mikono ilikuwa wazi na lazima ifungwe, akamkumbatia Waziri wa Afya.

"Saji."

"Abee?" Akanitazama vizuri, kwa heshima. "Samahani, dada, tunafahamiana?"

Dada. Nilikuwa nimeshaitwa mjinga, mikosi, mchawi, mwenye miguu ya mbuzi. Dada sikuwa nimeitwa tangu siku ile ya mafua.

"Mimi Dhani."

"Jina zuri. Upo bweni gani?"

"Lako."

Akacheka kwa adabu. "Bweni letu sasa kila mtu na kitanda chake. Tumepata leo hii, hujasikia? Kama una tatizo la malazi njoo wizarani kwetu, ingawa nadhani tatizo lenyewe limekwisha."

"Una kovu chini ya kisigino cha kushoto," nikamwambia. "La mfuniko wa kopo. Uliukanyaga ukiwa mdogo ukaogopa kumwambia mama yako."

Alivua kiatu, akamwegemea Waziri wa Afya, akaugeuza mguu. Akaliona kwa mara ya kwanza. Nilidhani litatusaidia, maskini mimi, nilidhani kovu litanishuhudia. Uso wake uliingia hofu, hofu ya mtu aliyechunguliwa akioga.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Dada, mimi sikufahamu. Tafadhali." Akateremka ngazi kiatu kiko mkononi, na wenzake wakamzunguka ili nisimfikie.

Tuliobebwa tukajikuta nje ya bweni, kila mtu na ndoo yake, tumekaa kwenye vizingiti. Hakuna aliyetufukuza. Wengine wakarudi kwao, wengine wakakaa mpaka ikawa vigumu hata kwangu kuwaona. Mama Mlezi alipita mbele yangu akasimama, akatia mkono mfukoni mwa kitenge chake, akatoa ndizi. Akaitazama ndizi, akatazama kulia, akatazama kushoto, hamjui aliyemtolea. Akaiweka kwenye kizingiti akaenda, anahema. Niliila. Ilikuwa na chumvi, kwa machozi.

Ile ndizi ndiyo iliyonipa akili. Nikaingia bwenini, nikafungua mlango wa chumba chetu. Saji alikuwa amelala, kanga machoni, na magoti ameyakunja. Kitanda kizima ni chake, hakuna anayemdai nusu, naye kalala kwenye nusu. Mahali pa kichwa changu palikuwapo, pamebonyea palepale. Nikalala. Vidole vyake vikanitafuta, vikafika sikioni.

"Dhani, sogea," akasema usingizini.

Nikasogea. Nikamwambia, "Nimesogea, mama," na sikuthubutu kupumua.

Basi nikaishi hivyo. Akilala naingia, akigeuka natoka. Kichwa chake kilikuwa kimenifuta kabisa, na magoti yake hayakuambiwa. Nilikuwapo mahali pamoja tu duniani, mle kwenye mkunjo wa miguu ya mtu aliyelala, na nilikuwa na furaha, nakuapia, kuna watu wenye majumba hawakuwahi kupewa mahali kwa namna ile.

Lakini magoti yakaanza kumuuma. Nilimsikia koridoni akiwaambia wenzake, "Sijui nina nini. Kitanda chote changu, na bado nalala kama niliyebanwa." Wenzake nao wakaguna. Kila aliyewahi kumbeba mtu alikuwa anaamka magoti yanamuuma, bweni zima likawa linachechemea, na hakuna aliyejua anampisha nani.

Siku moja akaamka kabla sijatoka. Hakupiga kelele.

"Wewe yule wa kovu. Unataka nini kwangu?"

"Nikusimulie habari za usiku."

"Usiku ndiyo nini?"

Nikamsimulia. Mwanga kuondoka bila kufukuzwa. Mbingu nyeusi yenye vitobo. Mji mzima umelala, hata mwizi anajua zamu yake. Akacheka. Palepale, kwenye mwizi, akacheka kile kicheko chake, na katikati ya kicheko machozi yakaanza kumtoka, akayagusa kwa vidole akashangaa.

"Mbona nalia?"

"Una mafua," nikamwambia.

"Labda." Akajifuta kwa pindo la kanga. "Naomba uondoke, dada. Sina ubaya na wewe. Ila ukiwa hapa magoti yananiuma zaidi."

Niliondoka, nikasimama dirishani kwangu, na kikao cha vipaumbele kikafika tena, au ni kilekile, siwezi kukuapia. Akasimama Waziri wa Malazi, ameshika meza kwa sababu ya magoti.

"Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja. Wanafunzi wanaumwa. Wanalala wamejikunja, hawapumziki, hawasomi. Wizara yangu imechunguza, imeona vitanda vyetu vina sehemu ya miguuni isiyo na kazi. Mwili hauielewi, unaikwepa. Naomba vitanda vikatwe, Mheshimiwa Spika. Viwe kipimo chetu, sehemu ile iondoke, mtu ajue kitanda kinapoishia alale kwa amani."

Meza zikapigwa, vumbi la unga likainuka.

"Taarifa!" nikalia. "Saji! Taarifa!"

"Nani anaomba taarifa?" akauliza Spika.

Saji aligeukia dirishani. Macho yake yalipita juu yangu, yakarudi, yakapita tena. Chini ya meza nikauona mguu wake ukitoka wenyewe kwenye kiatu, na kidole gumba kikajikunja. Aliuinamia akautazama, kama anautazama mguu wa mtu mwingine. Kisha akaurudisha kiatuni.

"Hakuna mtu, Mheshimiwa Spika," akasema. "Tuendelee."

"Wanaoafiki waseme ndiyo."

Walisema wote kwa pamoja. Ya kwake niliisikia peke yake, maana naijua sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka, anayetaka tu kunyoosha miguu.